Mama alipoanika risasi za mashindano: kwa nini siamini risasi za .22 kwa bei yake

Wakuu, heshima zenu.

Walionizidi umri humu ndani, shikamooni. Najua hampo, lakini adabu ni adabu.

Kuna kijana kwenye uzi wa jirani kauliza anunue risasi gani za .22 za kulengea target. Mkuu mmoja akamjibu: "Chukua premium, ile ya bei ya juu kabisa, ulale usingizi."

Mimi niliwahi kuchukua ile ya bei ya juu kabisa. Usingizi nilioupata ndio nataka kuwasimulia. Ni kweli tupu. Sina sababu ya kuongeza neno, maana wote niliokuwa nawaogopa siku zile wameshatangulia mbele ya haki.

Ilikuwa Lindi, enzi za Mwingereza.

Nilikuwa kijana, nimetoka sekondari, karani kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Kwa tabia nilikuwa mtu wa nyumbani. Wenzangu wakitoka kazini wanakwenda ngomani, mimi nakwenda barazani kwetu kushona kofia na kumsikiliza Mama akiwachambua majirani. Kilwa Kisiwani, ambako watu wanatoka mbali kwenda kuona magofu, sikuwahi kufika na sikuwa na mpango.

Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona kwa ukungu tu. Nyumba ile hakutaka kuihama, na mimi ndiye niliyekuwa nampimia mchele na kumwangalizia moto.

Shikeni hapo, maana ndiyo roho ya habari hii.

Bwana Meneja wetu, Mwingereza mmoja mrefu, alikuwa na ugonjwa wa vikombe. Kila mwaka masika yakikatika, watu wa Kilwa walikuja kushindana nasi kulenga shabaha kwa bunduki ndogo za .22, na kila mwaka kikombe kilirudi Kilwa. Safari hii akaamua kumwingiza kwenye timu Selemani, mlinzi wetu wa mashamba, Mmwera wa Kitomanga, aliyekuwa akipiga ngedere. Wazungu wenzake hawakufurahi. Lakini bwana yule alikitaka kikombe kuliko alivyoitaka heshima ya klabu yake.

Akaniita ofisini.

"Karani, wewe umesoma. Risasi za Selemani chagua wewe. Tukishinda, vizuri. Tukishindwa, kambi yetu ya mbao Rondo inahitaji karani."

Wakuu, Rondo ni pazuri, wenyeji wake msinune. Lakini kwangu mimi ilikuwa baridi, msitu, na Mama peke yake akipapasa moto. Nilitoka ofisini moja kwa moja hadi stoo.

Stoo tulikuwa na aina tatu.

Ya kwanza, kali, ya kupigia ngedere, yenye mbio na kelele.

Ya pili, ya pole, boksi la karatasi la kawaida, ya mazoezi.

Ya tatu ilikuwa imetoka Ulaya kwenye mkebe wa bati, imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni ya mashindano. Bei yake sitaitaja, nisije nikaamsha wafu.

Msomi nikachagua herufi za dhahabu. Kuzijaribu nilikatazwa, Bwana Meneja alisema risasi za namna ile hazichezewi. Nami nikaona sawa, kitu ghali kinajaribiwa cha nini?

Selemani akanicheka. "Karani, unachagua risasi kama mtu anachagua kitenge."

"Wewe kazi yako ngedere," nikamwambia. "Karatasi niachie mimi."

Basi stoo ikavuja. Ni mvua zile za mwisho za masika, na Lindi kwa masika kila kitu kinaota ukungu, viatu, mkoba, hata msahafu usipoufungua. Nikaingiwa na hofu. Nikaubeba mkebe hadi nyumbani, nikaufungia kwenye kasha la nguo chini ya kitanda changu. Niliufungia kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao Mama, kama zilivyokuwa funguo zote za nyumba ile.

Kesho yake jua likatoka kali. Narudi kazini alasiri, naingia uani, naona kawaida yetu ya siku ya jua baada ya mvua: jamvi la muhogo, jamvi la dagaa. Na katikati, kwenye ungo, zimepangwa safi kama korosho, risasi za mashindano.

"Mama, shikamoo. Hivi ni nini?"

"Marahaba mwanangu. Vile vitu vyako vilikuwa vimeshaanza kuharibika. Vina weupe weupe, vinateleza, ukungu mtupu. Nimevifuta kimoja kimoja kwa kanga, nikavitandaza. Vimekauka, Alhamdulillahi."

"Tangu saa ngapi, Mama?"

"Tangu ulipotoka. Na nimevigeuza."

Kwa wasiojua: risasi nyingi za .22 kichwa chake kinapakwa nta au mafuta, ndiyo maana inateleza. Ile nta ndiyo inayozuia madini ya risasi kuganda ndani ya mtutu, na ndiyo inayoifanya kila moja ipite kama mwenzake. Tena .22 kiberiti chake kimo ukingoni mwa kitako, hakipendi joto wala kusuguliwa. Nta ya Ulaya ilikuwa imeyeyukia kwenye ungo wa Mama. Iliyobaki ilikuwa kwenye kanga. Tena msiige, kitu kile kingeweza kumlipukia.

Sikumgombeza. Ningemgombezaje? Amevigeuza.

Sikula usiku ule. Asubuhi nikaenda kusema mwenyewe kwa Bwana Meneja, kabla Selemani hajanisemea kwa kicheko. Bwana akavuta droo ya meza. Mkebe mwingine mmoja ulikuwepo, kwenye droo yake, wa bunduki yake mwenyewe, maana naye alikuwa kwenye timu.

"Huu wangu," akasema. "Wewe tafuta njia. Au tafuta blanketi."

Blanketi la Rondo hilo.

Zilibaki siku mbili kabla ya mashindano. Nikamfuata Selemani, tukaenda nyuma ya mashine ya kuchana mkonge na maboksi mawili ya risasi za stoo, na ungo wa Mama.

Za Mama zikatawanyika kwenye kadi ya shabaha kama kuku waliomwagiwa mtama. Tukasafisha mtutu, ukatoa vumbi jeusi la risasi.

Za ngedere zikaenda kwa kelele, moja juu, moja kushoto, moja sijui wapi mpaka leo.

Za boksi la karatasi, zile za pole, tatu za mwanzo zikapotea vilevile. Nikakaa chini. Nikaanza kufikiria nani atampimia Mama mchele.

"Inatosha, Selemani. Turudi."

"Acha nizimalize, Karani. Anayekwenda Rondo ni wewe, si mimi."

Akaendelea kupiga, huku anapiga mluzi. Nami sikuinua kichwa.

Aliponiita kuitazama kadi nilidhani ananitania. Baada ya zile tatu, zote zilizofuata zimeingia mahali pamoja, tundu moja lenye ukingo uliochanika, unalifunika kwa kizibo cha chupa. Tukapiga kadi nyingine, ikawa hivyohivyo. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ukibadilisha aina ya risasi, chache za mwanzo ni za kuupaka mtutu nta mpya, usizihukumu. Siku ile hatukujua. Ilikuwa mluzi wa Selemani tu.

Siku yenyewe sikuona kitu, wakuu. Nilikaa nyuma ya lori la watu wa Kilwa, kofia ninayoishona mkononi, na kila mlio nilijidunga sindano. Tulikuwa nyuma kwa pointi. Selemani alikuwa wa mwisho kupiga. Kila akipiga, nahesabu huku nikingoja msimamizi atazame kwa darubini yake. Vidole vyangu vilikuwa vimeloa damu kwenye kitambaa cheupe.

Halafu nikamsikia mtu wa Kilwa, karibu nami kabisa, anamwambia mwenzake kwa sauti ya msibani: "Yule si mlinzi wa ngedere yule?"

Tulishinda kwa pointi chache.

Bwana Meneja alipita mbele yangu na kikombe kwapani. Akasema tu, "Rondo nitapeleka mwingine."

Sasa sikieni sehemu ambayo ndiyo uzi wenyewe.

Wiki iliyofuata bwana yule, kwa furaha, alimpa Selemani risasi zilizobaki kwenye mkebe wake wa droo. Zile zile za herufi za dhahabu, ambazo hazikuonja ungo wa mtu. Kwenye bunduki ya bwana, Selemani mwenyewe akiipiga, zilikuwa zinakwenda tundu moja. Kwenye bunduki ya Selemani, mtutu safi, na hata baada ya kupaka nta kwa risasi za kutosha, zilitawanyika upana wa kisahani.

Mkono ule ule, risasi ile ile, bunduki nyingine.

Kwa hiyo kijana wa uzi wa jirani: bei haichagui, bunduki ndiyo inayochagua. Nunua boksi moja moja la aina tofauti, anzia na za pole. Safisha mtutu, piga chache za mwanzo bila kuzihesabu, kisha tazama zinavyokusanyana, usitazame moja iliyogonga katikati kwa bahati. Ukipata inayokaa, nunua za lot hiyohiyo, yaani toleo lile lile la kiwandani, uweke mahali pa baridi. Usizifute. Na ufunguo kaa nao wewe.

Mama aliishi miaka mingi baada ya pale, na mimi niko pale pale barazani. Kila mgeni aliyekuja alimsimulia jinsi Lindi ilivyowashinda Kilwa kwa risasi alizozianika yeye.

Mwanzoni nilikuwa nanyamaza kwa kumstahi tu. Halafu siku moja nikiwa nashona nikapiga hesabu vizuri: kama asingezianika, Selemani angepigia zile za dhahabu, na mimi ningekuwa Rondo na blanketi.

Tangu siku hiyo, mgeni akinigeukia kuuliza kama ni kweli, nilikuwa namjibu kwamba ni kweli, na alizigeuza.

Nanyi wenye bunduki zenu, semeni hapa chini zinakula risasi gani. Watu wa Rondo matusi yenu pia nayapokea.