Upande wa Nyuma wa Karatasi ya Mvua

Hashim, ndugu wa marehemu mume wangu, alisimama mbele ya watu wa Jomvu Kuu akasema mahindi yalikufa makondeni kwa sababu mbegu zangu zilikuwa zimechoka. Alisema hivyo na huku akijua kwamba karatasi ya mvua aliisoma nusu. Hilo ndilo nililotendwa.

Mimi ni Mwanamkasi. Nilizaliwa Likoni, na sikutiwa skuli. Baba alisema mtoto wa kike akishajua kusali inatosha. Badi aliponioa nikaletwa Jomvu Kuu, nyumbani kwa mamake, Bi Mwanatabu, na yeye ndiye aliyenifunza kazi niliyoifanya hadi mwaka juzi. Mavyaa wangu alikuwa mtunza mbegu. Kila mavuno, watu walimletea mahindi yao mazuri, yale yetu ya kale yenye punje ndogo nyeupe na moja moja ya zambarau. Akiyafunga kwa maganda yake, mashada mashada, akayaning'iniza juu ya jiko yapigwe na moshi, dumuzi wasiyaguse. Mvua ikiingia, kila nyumba huja kuchukua. Hapakuwa na malipo. Ukivuna, warudisha.

Alipokuwa akiumwa ugonjwa uliomwondoa, aliniita kitandani.

"Mwanamkasi."

"Abee, mavyaa."

"Hata watu wakulilie, mashada mawili yasishuke. Mpaka uyaone mahindi makondeni yafika magotini. Wanisikia?"

Nikamwambia namsikia. Nikalishika neno hilo miaka kumi na tisa, na Badi naye akafa nikiwa bado nalishika.

Mwaka juzi, Septemba ikielekea kwisha, afisa wa kilimo alileta karatasi ya hali ya hewa, ile inayoeleza vuli itakavyokuwa. Alileta moja tu, akampa Hashim kwa kuwa ndiye katibu wa kikundi chetu cha wakulima na ndiye aliyesoma. Tukaitwa bandani, nyuma ya madrasa, baada ya swala ya alasiri. Hashim alikuja amevaa kanzu mpya na manukato. Kulikuwa na harusi Kiembeni, na pikipiki ya kumpeleka ilikuwa nje, yule mwendeshaji akipiga honi kila mara.

"Sikizeni," akasema. "Rasharasha za mapema zatarajiwa ukanda wa Pwani kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba. Wakulima watayarishe makonde." Akasoma na mengine, ya kusafisha mitaro na kuchagua mbegu nzuri. Kisha akasema, "Basi. Mvua ni hii. Pandeni."

Mimi nilikuwa nimekaa mbele na wanawake wenzangu. Hashim alikuwa ameinua karatasi, na jua la alasiri lilikuwa nyuma yake. Nikaona maandishi mengine yamejitokeza kwa ndani, kama mishipa mkononi mwa mzee. Nikauliza.

"Shemeji, na huko nyuma hapana kitu?"

Akanitazama, akatabasamu. "Alaa! Shemeji Mwanamkasi, tangu lini wewe ukajua karatasi ina mbele na nyuma?"

Watu wakacheka. Mishi, ambaye nyumba yake na yangu zatenganishwa na ua wa makuti, na ambaye nilimkanda alipozaa watoto wake wote watano, alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

"Hiyo mpe yeye akaisome!" akasema Mishi.

Honi ikalia tena. Hashim akaikunja ile karatasi, akaitupa mapajani pangu. "Haya, mwalimu. Ufungie mbegu." Akaenda zake Kiembeni.

Niliona haya. Hayo ndiyo yanayoniuma zaidi hadi leo, kwamba niliona, nikauliza, kisha nikanyamaza kwa sababu ya kicheko.

Siku tatu baadaye rasharasha zikaanza kweli. Ardhi ikanukia. Watu wakajaa uani kwangu kuanzia alfajiri, kila mmoja na kikapu chake, na kwa kuwa katibu alisema mvua imeingia, kila mmoja alitaka zaidi ya mwaka uliopita. Nikagawa mpaka yakabaki mashada mawili. Mishi ndiye aliyekuwa wa mwisho, na kikapu chake hakikujaa.

"Na hayo mawili ya nini? Mapambo?"

"Hayo hayashuki. Mavyaa aliniusia."

"Mavyaa wako alikufa kabla hakujaletwa makaratasi ya mvua. Sisi twaambiwa na serikali siku ya kunyesha. Wallahi, Mwanamkasi, hata jirani yako wamnyima?"

Nikapanda juu ya kinu, nikayashusha. Hilo ni kosa langu, na simtwiki mtu mwingine.

Mahindi yalimea. Yaliota mazuri, majani mawili, matatu, yamepanga mstari. Kisha mvua ikakatika. Ikaja wiki ya jua, na nyingine, na nyingine. Lilikuwa joto la kutoka chini na juu, joto ambalo sijaliona Oktoba tangu niingie Jomvu. Hata asubuhi ukuta ulikuwa na moto. Nilikuwa nikichota maji kisimani na kumwagia mashina konde zima, na yale maji yakinywewa kabla sijaweka ndoo chini. Majani yakajikunja kama tumbaku. Wiki ya tano hapakuwa na kitu. Upepo ukipita, makonde yalitoa sauti ya karatasi.

Mvua yenyewe ilikuja katikati ya Novemba. Ilikuja nzuri, ya kutulia, usiku na mchana. Watu wakasimama milangoni kuitazama na hakuna aliyekuwa na punje ya kutia ardhini. Juu ya jiko langu zilikuwa zimebaki kamba tu.

Wakaenda kwa Hashim kumuuliza. Na yeye akasimama pale pale bandani akasema, "Karatasi niliisoma sawa. Iliahidi rasharasha, na rasharasha mliziona. Sasa mbegu zikikaa moshini miaka na miaka, hazichoki? Msiniulize mimi. Muulizeni mwenye jiko."

Hapakuulizwa swali jingine. Tangu siku ile mlango wangu haukubishwa. Walioweza kununua mbegu za dukani walipanda hizo, na mavuno yake yakaliwa na dumuzi ghalani kabla ya Ramadhani. Mishi akaziba ule upenyo wa uani tuliokuwa tukipitia kuombana chumvi. Nikimwamkia huitikia, lakini huitikia kama mtu anayemjibu mwombaji.

Mimi karatasi nisiyoweza kuisoma huwa siitupi, kwa kuwa sijui ina nini. Ile ya Hashim niliitia sandukuni pamoja na cheti cha kifo cha Badi. Na mwaka jana, baada ya Idi, nikaenda darasa la ngumbaru huko Mikindani. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja. Mwalimu wetu, Justus, ni mtu wa bara, mpole, na hakuwahi kunicheka. Miezi minane nilisoma herufi na majina ya matunda. Ilipofika siku nikaweza kusoma tangazo la msiba lililobandikwa ukutani, nilirudi nyumbani, nikafunga mlango, nikafungua sanduku.

Upande wa mbele uliandikwa vile vile Hashim alivyosoma. Nikaugeuza. Nilisoma kwa kidole, neno moja baada ya jingine, na kila nilipofika mwisho wa mstari nilirudi mwanzo kuhakikisha. *Rasharasha hizi zitakuwa za muda mfupi. Zitafuatwa na wiki nne hadi sita za ukavu na joto la juu kuliko kawaida. Wakulima wa Pwani wanashauriwa wasipande sasa. Wasubiri hadi katikati ya Novemba.*

Nililia, si kwa hasira. Nililia kwa kuwa maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Mtoto wa darasa la tatu angeyasoma.

Nikaenda kwa Hashim. Alikuwa barazani na mkewe, Zuleikha, wakinywa kahawa. Nikamwamkia, nikampa karatasi, upande wa nyuma ukiwa juu. Aliisoma midomo ikimchezacheza. Zuleikha akaacha kikombe.

"Hii hukuitupa?" Hashim akauliza.

"Sikuitupa."

"Shemeji, hayo yamepita. Mvua ni ya Mungu."

"Mvua ni ya Mungu. Kusoma kulikuwa kwako."

Akateremsha sauti. "Nikisimama leo niseme nilikosea, nani atanisikiza tena? Mimi ni katibu."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Akaingia ndani akarudi na pakiti mbili za mbegu za dukani, zile zenye rangi nyekundu ya dawa, akaziweka mbele yangu. "Chukua. Tuyasahau."

Nilichukua karatasi yangu. Pakiti nikaziacha pale chini, na Zuleikha, Mungu ambariki, aliinamisha uso asinitazame nikitoka.

Rasharasha zimeanza tena wiki hii. Joto nalo limo, wale wenye ujuzi wanasema litazidi. Nimesikia karatasi nyingine imekuja, na Hashim ataisoma bandani siku ya Ijumaa. Mimi nitakwenda, nitakaa mbele, na ile ya mwaka juzi itakuwa kwenye leso yangu.

Mahindi ya mavyaa simdai mtu. Nimeuliza hadi Bombolulu na Likoni kwetu, hakuna aliye nayo, na kisichokuwepo hakilipwi. Mishi namdai upenyo wa uani, aufungue mwenyewe. Lakini Hashim namdai kitu kimoja, na ninakidai mpaka mmoja wetu azikwe: asimame pale bandani baada ya alasiri, watu wale wale wakiwapo, aishike ile karatasi, aigeuze, asome.