Maji ya Kwanza

Shangazi yangu, ambaye parokia nzima inamwita Mama Pasi, amefua vitambaa vya altare kwa miaka ishirini na miwili. Katika muda huo amemzika mume mmoja, ameaga maparoko wanne na kuchakaza pasi tano. Ukimuuliza kipi kilimuuma zaidi atasema mume, ila atafikiri kidogo kwanza.

Kazi yake ina sharti moja ambalo halichezewi. Korporale, kile kitambaa cha mraba kinachotandikwa chini ya kikombe na hostia, huenda kikabakiwa na punje ya hostia, ule mkate uliogeuka mwili wa Yesu, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kwa hiyo kabla ya sabuni vitambaa hulowekwa kwenye beseni peke yake, na maji hayo ya kwanza hayaendi kwenye bomba la maji machafu. Humwagwa ardhini, mahali pasipokanyagwa na watu. Shangazi alikuwa akiyamwaga nyuma ya sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya Misa, kwenye shina la mlimau uliokuwa umekauka tangu mafundi waliojenga ukuta waoshee ndoo zao za saruji pale.

Mwaka jana mlimau ule ulichipua. Kwanza jani moja, kama mtu anayechungulia kuona kama wageni wameondoka, kisha tawi zima.

Mambo yangeishia hapo, tungesema ni mti tu. Lakini jirani yetu fundi cherehani, ambaye vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa mwaka mzima baada ya kuugua kiharusi, alimsaidia Shangazi kubeba lile beseni, maji yakammwagikia mkononi. Keshokutwa yake alitunga uzi kwenye sindano. Alikuja kwetu mbio, sindano mbele kama mshumaa.

"Mama Pasi! Tazama! Ni yale maji!"

"Mazoezi aliyokupa daktari ulikuwa unafanya?" Shangazi akamuuliza.

"Nilikuwa nafanya."

"Kila siku?"

"Kila siku, dada, lakini…"

"Basi tumshukuru Mungu na daktari. Kaa unywe chai."

Alisema hivyo, lakini fundi alipoinama kuchukua kikombe nilimwona Shangazi akipiga ishara ya msalaba harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi. Nimesoma stashahada ya maabara mwaka mmoja na nusu, kiasi cha kuharibu raha ya muujiza bila kuweza kuueleza.

Fundi cherehani hana siri, ana wateja. Baada ya wiki mbili, kila Jumamosi kulikuwa na foleni nyuma ya sakristia, watu na chupa zao. Mmoja alikuja na dumu la lita ishirini, ungedhani anajenga. Shangazi aliwafukuza wote.

"Maji haya ni ya kumwagwa, si ya kunywa! Wewe, funga hicho kizibo! Yesu mnampokea Misani, kwa nini mnakuja kumvizia huku uani?"

Kwa hiyo ukweli ni kwamba Shangazi na Baba Paroko walikuwa upande mmoja. Shida ni kwamba Baba Paroko hakuuliza. Ni padre kijana, mchapakazi, anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Aliona foleni, akasikia neno muujiza, akaitisha halmashauri ya parokia. Jumapili, kwenye matangazo, kati ya ratiba ya kwaya na miwani iliyookotwa, tukasikia kwamba ili kukomesha ushirikina, vitambaa vya altare vitafuliwa kwa mashine katika nyumba ya mapadre, na "mama anayehusika" arudishe ufunguo wa sakristia ofisini.

Mama anayehusika! Miaka ishirini na miwili, na hata kwa jina la utani hakutajwa.

Nilitaka kusimama. Shangazi alinibana paja kwa vidole vinavyokamua mashuka.

"Misa haijaisha," alisema.

Kesho yake alirudisha ufunguo na kuomba kuonana na Baba Paroko. Katibu akamwambia Baba yuko kwenye kikao. Siku ya pili, semina. Siku ya tatu Shangazi alimwona kabisa dirishani, na katibu akasema amesafiri.

"Sitaki cheo," aliniambia jioni ile, akiwa amekaa na mikono isiyo na kazi, kitu ambacho sijawahi kukizoea. "Wapeleke mashine, wapeleke roketi. Lakini maji ya kwanza yanakwenda kwenye bomba, mwanangu. Yesu anakwenda na maji ya kuoshea sufuria."

"Kwani hamna parokia nyingine, Shangazi?"

"Nihame kwangu kwa sababu mgeni amekosea mlango?"

Akaendelea kwenda Misa ya asubuhi kila siku, benchi la pili. Padre akiinua hostia, yeye aliinamisha kichwa. Padre akitandua korporale, aliangalia pembeni.

Mwezi wa pili wa mashine, Ijumaa mchana, siku mbili kabla ya askofu kuja kutoa Kipaimara, hodi ikabishwa. Nilifungua. Baba Paroko mwenyewe, na mfuko wa plastiki.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," Shangazi akajibu kutoka ndani. "Karibu, baba." Anamwita baba mtu ambaye angeweza kumfunga nepi, na anamaanisha.

Baba Paroko akaufungua mfuko juu ya meza. Mpishi wa nyumba ya mapadre, akiwahi ugeni, alikuwa ametia vyote kwenye mashine kwa mkupuo mmoja: korporale, vitambaa vya kufutia kikombe, na kanzu mpya nyekundu za watumishi wa altare. Vitambaa vyote vilikuwa waridi, rangi ya keki ya siku ya kuzaliwa.

"Angalau vitaendana na mavazi ya askofu," nikasema.

"Wewe, kachemshe maji," Shangazi akasema. Kisha akashika kitambaa kimoja, akakitazama kwenye mwanga. "Baba, maji ya kwanza mlikuwa mnayapeleka wapi?"

Baba Paroko akaanza kuukunja mfuko.

"Kwenye bomba, mama."

"Sikuulizi ili nikukomoe. Mahubiri yako ya Alhamisi Kuu nilikuwepo. Ulisema Yesu yumo hata katika punje ndogo kabisa. Nami nikaamini, kwa sababu nilikuwa nimeamini kabla hujazaliwa. Sasa niambie. Kama yumo, yumo. Kama hayumo, tuambie watu twende nyumbani, tukapumzike."

Sijawahi kumwona padre akitafuta pa kuweka mikono.

"Yumo," akasema.

"Haya. Na foleni ya chupa, mimi ndiye niliyekuwa naifukuza. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza."

Akatoa ufunguo mfukoni kabla hajaombwa. Shangazi hakufulia nyumbani. Tuliongozana hadi sakristia, padre na mfuko, mimi na birika, yeye mbele na beseni. Alichemsha, akasugua, akaanika juani, akalowanisha na kuanika tena. Kufikia Jumamosi jioni vyote vilikuwa vyeupe, isipokuwa korporale moja iliyobaki na wekundu kidogo kwenye pindo. Hiyo aliiweka chini kabisa ya rundo.

Jumapili, mbele ya askofu, Baba Paroko aliishukuru halmashauri kwa usafi wa altare. Ndiyo, halmashauri. Mwenyekiti akasimama na kupungia watu. Nilimtazama Shangazi nikitarajia atanibana tena, kumbe anacheka, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika.

"Mwache," akanong'ona. "Huyo nitamfundisha polepole. Bomba ndilo lililokuwa haliwezi kusubiri."

Jumamosi iliyofuata foleni ya chupa ilirudi, maana habari ya ufunguo ilikuwa imesambaa. Safari hii Shangazi hakuwafukuza. Alisimama mlangoni, mikono ya gauni imekunjwa.

"Anayeyataka maji haya, aweke chupa chini aje afue."

Wengi walikumbuka kazi nyumbani. Wanawake watatu walibaki, na fundi cherehani. Aliwapanga: huyu aloweke, huyu asuuze, huyu ashike pasi na aombe asiunguze. Yule wa beseni, mama mmoja mnene mwenye haya, alifika penye mti akasita, maji yakicheza ukingoni.

"Nimwage tu, hivihivi? Hakuna sala?"

"Ndiyo hiyo sala yenyewe," Shangazi akasema. "Inama, dada. Chini zaidi. Usiturushie matope."