Bata Mzinga Aliyeitikia Amina

Mgonjwa niliyemwitia mchinjaji alikuwa mzima kuliko mimi.

Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu. Ni mjane, nakaa Mwera, Pangani, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mkiona herufi imepinda nisameheni, lakini mambo yalikuwa hivi hivi.

Ilikuwa Alhamisi, jumuiya nyumbani kwangu. Somo lilikuwa majaribu. Mwinjilisti Manase akauliza nani anaona imani yake haijapimwa sawasawa.

Nikanyoosha mkono. Kiherehere hicho!

Nikasimama, nikaomba kwa sauti kubwa: "Bwana, nipe subira. Nijaribu, unione!"

Kina mama wakaitikia amina. Wiki ile ile walikuwa wamependekeza jina langu niwe mzee wa kanisa, kwa hiyo, niseme ukweli, nilitaka wasikie.

Kesho yake, hodi.

Mudathir, jirani yangu. Kwapani kabana bata mzinga mkubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mama Ruthi, mama mkwe anaumwa huko Bweni. Naondoka na familia nzima. Huyu nakuachia amana."

"Kwa nini mimi?"

"Dada'angu, hapa Mwera wewe ndiye hutamani cha mtu."

Kichwa kikavimba. Halafu Mudathir si wa kumkatalia. Alipofariki mume wangu Rafaeli ilikuwa masika, kaburi linajaa maji, na ni Mudathir aliyeshuka shimoni na ndoo akayachota mpaka yakaisha.

Nikampokea bata.

Jioni nikapiga magoti. Nikamaliza: "Amina."

"Gologologolo!" Kutoka uani.

Nikafumbua jicho moja. Nikajaribu tena, polepole. "Amina."

"Gologologolo!"

Makubwa.

Ukimwita, kimya. Ukimfukuza, anakutazama kama hakimu. Lakini tamka amina, hata kwa kunong'ona, atakujibu mpaka jirani wa tatu asikie. Ikafika mahali sala ya chakula naimalizia kimoyomoyo, kama mwizi.

Alhamisi jumuiya ikaja. Manase akaombea wagonjwa kumi na mmoja, kila jina na amina yake. Kufika jina la nne kina mama wako chini, wameshika mbavu. Manase mwenyewe alimalizia sala kageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Bertha akafuta machozi. "Mama Ruthi, mzee wa kanisa tumeshampata! Tena kaja na joho lake shingoni!"

Wiki iliyofuata jumuiya ikahamia kwa Bertha.

Mtaona ni jambo dogo. Lakini tangu msiba, miaka minne, sauti za Alhamisi ndizo sauti pekee za watu nilizobaki nazo ndani ya nyumba ile. Nikakaa na viti vitupu, mimi na yule bata.

Hapo nikaanza kumpima kwa macho na sufuria.

Huku kwetu, ukitaka nyama iliwe na majirani wote, unamwita Mwislamu akuchinjie. Na mnyama akielekea kufa anawahiwa kisu, maana akishakuwa kibudu ni wa kutupa. Basi nikapanga. Nitasema anakufa. Atachinjwa kihalali, Mudathir nitamtunzia paja, na sitakuwa nimeiba. Shetani naye ana heshima zake, alinipangia kila kitu kwa adabu.

Nikamwita Sabiri, mwalimu wa madrasa.

"Shikamoo Mama Ruthi. Mgonjwa yuko wapi?"

Mgonjwa alikuwa kasimama juu ya kinu, mkia kaufungua kama mwavuli.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Anaumwa nini?"

"Ndani kwa ndani."

Bata akaruka chini, akadonoa kifungo cha kanzu ya Sabiri, akakimeza.

Sabiri akatazama palipokuwa na kifungo. "Hamu ya kula anayo."

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe, Mwalimu."

Akamlaza, akamwelekeza kibla. Kisu mkononi, akaniangalia. "Angekuwa mwingine ningesema ananizingua. Lakini umesema wewe, Mama Ruthi. Inatosha."

Inatosha!

Lile neno lilinikata kabla kisu hakijamgusa bata. Miaka yote najisifu sitamani cha mtu. Kumbe sikuwa nimekutana na cha mtu kinachoniudhi.

"Mwalimu, weka kisu," nikasema. "Huyo haumwi. Mgonjwa ni mimi."

Sabiri akakaa chini pale pale. "Alhamdulillahi. Ungenichinjisha uongo kwa Bismillahi." Akashika kanzu. "Na kifungo changu?"

"Subiri kesho."

Nikampigia Mudathir nimuungamie. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Yuko hai?"

"Yuko."

"Wiki tatu nzima?"

"Tatu."

"Subhanallah! Mimi nilifika siku tisa."

"Siku tisa za nini?"

"Mama Ruthi, nisamehe. Mama mkwe haumwi. Yuko hapa anakuna nazi. Nilimwomba Mungu subira, kesho yake mtu wa Muheza akanipa huyo bata. Bure! Nikitoa dua tu, amin, ananijibu. Nikamkimbia. Sasa ni wako, usinirudishie!"

Tukacheka mpaka simu ikaisha chaji.

Jumapili nikasimama kanisani nikasema kila kitu, mbele ya wote. Jina langu likaondolewa mwaka huu. Liliniuma, ila usiku nililala. Na sasa nikisali sisemi tena "nijaribu unione." Nasema "nishike, unanijua."

Alhamisi nikasikia hodi. Bertha mbele, kina mama nyuma, kila mmoja na mkeka wake.

"Kwangu kumepoa," akasema. "Tumerudi."

Wapendwa, jaribu halikuletei uchafu. Linafunua sufuria uone ulichokuwa unapika. Ukishaona, usikimbie jikoni. Mungu anaanzia hapo hapo.

Siku ile tulipofika kwenye maombi Bertha akasimama, kafumba macho, mikono juu. "Bwana, na mimi nipe subira kama ya Mama Ruthi!"

"Amina!"

"Gologologolo!"

Nikamvuta kanga taratibu.

"Bertha, mwenzangu. Kwako banda lipo?"