Vigelegele vya Kutolewa kwenye Hati

Naanza kwa kukiri, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, kwamba yule aliyepigiwa vigelegele wakati anavuliwa usimamizi wa nyumba ya shangazi yake ni mimi, Haji, na halwa iliyoliwa siku hiyo niliinunua mwenyewe.

Shangazi yangu, Bi Mwanakheri, anakaa Hayes, huku Ulaya, jirani na kiwanja cha ndege cha Heathrow. Alikuja nchi hii miaka michache baada ya Mapinduzi na sanduku moja, akapika jikoni kule kiwanja cha ndege mpaka akastaafu, akanunua nyumba ya vyumba vitatu, na kwa kuwa hakujaaliwa watoto akaiweka nyumba yake katika amana. (Amana, kwa sisi tusio mawakili, ni hati unayoandika ungali hai, ukataja nani ataisimamia mali yako ukizidiwa na nani ataipata ukishaondoka, na unaweza kuirekebisha maadamu una akili zako.) Msimamizi wa kwanza ni yeye mwenyewe, wa pili nilikuwa mimi, mtoto wa kaka yake, na nikiringa nacho hicho cheo, na nikenda kumtazama kila, tuseme, kila nilipokumbuka.

Mrithi alikuwa hajamwandika, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa. Mimi, mke wangu na watoto watatu tumebanana Tooting, upande mwingine wa mji, katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na kila nikigonga goti kwenye kitanda cha watoto naiona nyumba ya Hayes, bustani na yote.

Basi Jumanne moja shangazi akanipigia simu. "Haji, Jumamosi wakili anakuja nyumbani, tunairekebisha ile hati. Uwepo, na uje na paspoti, maana na wewe utatia saini."

Hakusema zaidi na mimi sikuuliza, kwa sababu kwetu sisi mtu hamuulizi mkubwa wake anaandika nini juu ya mali yake, utaonekana unamharakisha kaburini. Ila kichwani nilishajijibu. Nitie saini ya nini kama sipewi nyumba? Kwa furaha nikapiga simu moja, moja tu, Unguja kwa mama mkubwa Asha, nikamwambia Jumamosi afungue simu ya video aone mwanawe anavyoheshimiwa Ulaya. (Mke wangu aliniuliza baadaye, "Ungenyamaza ungekufa?")

Jumamosi nikavaa kanzu, nikanunua halwa sahani nzima, nikafika Hayes kabla ya wakili. Sebuleni alikuwepo Rukia, mtoto wa marehemu dada yangu, nesi, msichana mpole aliyezaliwa hapa hapa, na jirani, Bwana Kanti, Mhindi wa Tanga, aliyeitwa awe shahidi. Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya chai, na kule upande wa pili mama mkubwa Asha alikuwa hayuko peke yake, alikusanya ukumbi mzima, wanawake na kanga zao za harusi, mmoja kabeba na chetezo cha udi.

"Hao nani?" akauliza shangazi.

"Wamekuja kukusalimia."

Akasema, "Haya. Si umewaita mwenyewe? Wasikilize."

Wakili akafika, mama wa Kiingereza mwenye miwani, akasema kwa kuwa macho ya Bi Mwanakheri hayaoni vizuri atasoma kila kifungu kwa sauti. Mimi nikaanza kumega halwa na kuwagawia. Akasoma kwa Kiingereza tarehe, anwani, kisha polepole, jina langu lote, Haji Makame Juma. Mama mkubwa Asha Kiingereza hakijui, lakini jina la mwanawe analijua, akaachia kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Heathrow, na ukumbi mzima ukampokea.

Sentensi ilikuwa inaendelea. Ilikuwa inasema huyo Haji Makame Juma anaondolewa kwenye usimamizi.

Wakili akashusha miwani, akadhani labda ndiyo mila zetu. Mimi nikarukia simu niizime, lakini vidole vimejaa samli ya halwa, nabonyeza, kioo kinateleza, nabonyeza tena, sauti ndiyo inazidi. Wakili akaendelea, mahali pa Haji Makame Juma, kigelegele tena, anawekwa Rukia, ambaye pia ndiye atakayerithi nyumba. Bwana Kanti akanipokonya simu, akaizima, kisha akaangalia zulia. Rukia machozi yamemlenga, anasema, "Uncle, I didn't know, I swear."

"Hakujua," akasema shangazi. "Huyu ananipeleka hospitali, anatoa mapipa ya taka, hajauliza kitu. Wewe nilikupigia majira yote ya baridi kuwa boila imekufa, nyumba haina joto, ukaja mwezi wa tano. Hukuigusa boila. Ulipanda juu."

Akatia mkono chini ya mto wa kiti, akatoa futi, ile kamba ya kupimia, akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa yangu. Niliisahau siku ile nilipopima chumba chake cha kulala nione kitanda chetu kitaenea, yeye yuko chini ananitilia chai.

"Nilikuwa bado nalala humo, Haji," akasema, na hakunyanyua sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikatia saini ya kukubali kuondolewa. Alama ya kidole cha halwa iko kwenye ukurasa wa tatu mpaka leo, wakili alisema haidhuru.

Unguja sijawaambia. Wananiita Bwana Nyumba, na mtoto wa mama mkubwa Asha ameshaulizia chumba cha juu akija kusoma. Nimeapa simpigii mtu simu kabla hati haijasomwa mpaka mwisho, na futi nimeitupa. Jumatano jioni natoka Tooting kwenda Hayes kutoa mapipa ya taka, na nikitumwa kitu juu napanda nikiangalia viatu vyangu. Juzi nilipokuwa naaga, shangazi akaniambia, "Hati ile hurekebishwa maadamu mwenyewe yuko hai."

Nikaurudisha mguu ndani.

"Nakwambia tu," akasema, "usije ukadhani ndiyo nimekuahidi kitu. Pipa la wiki ijayo ni lile la kijani."