Mlima Nyuma ya Jiko

Mama mkwe wangu hakuwahi kuupa mgongo mlima ulio nyuma ya nyumba yetu. Hata akimenya viazi, alikaa ameuelekea, kisu kikienda chenyewe. Kila mvua ilipokatika alinishika mkono twende tukaukague: miti iliyoanza kuinama, nyufa za udongo alizozipapasa kwa vidole, chemchemi inayotoa maji ya tope. "Angalia vizuri, mwanangu. Macho yangu yanaisha." Hofu yake ikaniambukiza, nikawa nalala usingizi wa mang'amung'amu.

Asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, tulikwenda, mtoto wangu akiwa mgongoni, nikakuta chemchemi imekauka. Nilipomwambia, aliinama akapapasa mawe ya chemchemi.

"Una hakika?"

"Hakuna hata tone, mama."

"Basi maji yamejaa humo ndani ya mlima. Mtoto unaye mgongoni, nyumbani hakuna mtu. Haturudi."

Tulikuwa tumeshavuka barabara mlima uliposhuka kwa kishindo, ukafunika jiko, chumba changu na njia tuliyopita. Nililia. Yeye aliinua uso kuelekea tulikokuwa tunakimbilia, akauliza kwa sauti ndogo, "Na ule mlima wa mbele yetu, unauonaje?"