Nambari Niliyomsomea Baba

Katika sinema, sauti husomwa kabla picha haijaonekana. Wengi waliokaa kwenye viti vya ukumbi wetu wa Tanga hawakulijua hilo, nami nisingelijua kama baba yangu asingekuwa fundi wa mashine. Filamu ilishuka kutoka kwenye rili, ikapita kwanza ndani ya kisoma sauti, kijikasha cheusi kilichofungwa juu ya mashine, ndipo ikaenda kwenye taa kubwa kuwa picha. Pembeni mwa filamu, kati ya tundu na tundu, kulikuwa na mraba mdogo kuliko punje ya mchele, umejaa vidoti. Kitaa chekundu kilimulika vidoti hivyo, kamera ndogo ikavisoma, na kasha la sauti lililokuwa ukutani likavigeuza kuwa mvua, risasi, kilio cha mama wa bibi harusi. Kisha likaishikilia sauti hiyo kidogo, kama mtu mwenye habari mdomoni, mpaka picha yake ifike.

Baba alikihudumia kijikasha kile kama mgonjwa. Hewa ya Tanga ina chumvi na unyevu, haina huruma na kioo. Kila siku kabla ya onyesho alifungua kifuniko, akafuta lenzi kwa pamba yenye tone moja la spiriti, akasubiri ikauke, akaifuta tena kwa pamba kavu. Alipumua kwa pua, mbali na lenzi. Hata kuzungumza alinikataza mpaka kifuniko kirudi mahali pake.

Kwenye kasha la ukutani kulikuwa na kidirisha kinachoonyesha nambari. Ikiwa ndogo, vidoti vinasomeka vizuri. Ikifika nane, hali ni mbaya. Kisoma kikishindwa kabisa, nambari hutoweka, inatokea herufi F, na kasha hurudi kwenye sauti ya zamani iliyochorwa kwa mistari kwenye filamu ileile. Lakini taa ya kusomea mistari hiyo ilikuwa imeungua zamani na hatukupata nyingine. Kwetu sisi, F ilikuwa ukimya.

Mwaka niliorudi kutoka chuo, baba hakuweza tena kuisoma nambari. Tuligundua nyumbani kwanza: alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina, chai ikatambaa mpaka kwenye kanzu yake. Hospitali walisema ni presha ya macho, kilichokwisha kupotea hakirudi. Wakampa matone ya kulinda kilichobaki. Kazini hakumwambia mtu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne na riwaya niliyokuwa naiandika, ambayo hakuna aliyekuwa anaisubiri, kwa hiyo kila alasiri nilitoka naye nyumbani Ngamiani nikiwa nimebeba bakuli la chakula, ili waliotuona waseme binti anamhudumia baba yake. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kukaa mbele ya kidirisha.

"Ngapi, mama?" alikuwa akiuliza, bisibisi mkononi.

"Tano."

Alizungusha skrubu ya kitaa kidogo upande wa kulia, kuongeza mwanga.

"Sasa?"

"Nne."

"Iache hapo."

Filamu zilitufikia zimechoka. Zilikwisha kupita Dar es Salaam, Mombasa, Arusha, kila mashine imezichubua na kuziachia mafuta yake. Filamu chafu hutaka mwanga zaidi, basi kwa miaka mingi baba aliongeza, na mkono wake ukajua upande mmoja tu, wa kulia.

Mwenye ukumbi alikuwa kijana aliyeurithi kutoka kwa baba yake. Sote tulimwita tajiri, hata baba, aliyempakata utotoni. Mwaka huo alitaka kuiondoa mashine na kuugeuza ukumbi kuwa wa harusi. Baba alimwomba asubiri kidogo. "Basi Idi ndiyo iamue," tajiri akasema. "Watu wakija na mambo yakaenda sawa, mashine inabaki, na wewe unabaki nayo." Akakodi filamu mpya kabisa. Baba alipofungua mkebe aliinusa, akacheka peke yake. Ilinuka kama kiatu cha dukani. Hakuna mashine iliyokuwa imeigusa.

Idi pili, baada ya adhuhuri, ukumbi ulijaa. Kutoka kijiji cha Kigombe lilikuja lori zima la wanawake na watoto, mikono imepakwa hina. Chumba chetu cha mashine kilikuwa juu, nyuma yao, na kupitia kitundu cha ukutani niliona vichwa tu, na watoto waliosimama juu ya viti. Filamu ikaanza. Kidirisha kikaonyesha sita.

"Ngapi, mama?"

"Sita."

Akazungusha kulia. Ikawa saba. Sijasema kitu, mlango ukafunguka.

"Shikamoo mzee. Idi mubarak."

"Marahaba, tajiri. Idi mubarak."

"Sauti vipi?"

"Naiweka sawa." Baba akazungusha kidogo zaidi, akageuza uso upande wangu, si kwangu hasa, karibu na nilipokuwa. "Ngapi?"

Ilikuwa nane. Tajiri alikuwa anautazama mkono wa baba, jinsi vidole vilivyopapasa juu ya chuma kuitafuta skrubu. Nikaona akianza kuelewa. Nikataka atazame kwingine, nikataka aniamini mimi.

"Nne," nikasema.

"Nne kwa filamu mpya?" Baba akatabasamu. "Bado. Hii inafika mbili." Akazungusha tena kulia.

F.

Kwenye kitambaa cha picha mwanamume aliendelea kufungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Chini kukawa kimya kwa pumzi moja, kisha filimbi, kisha viti vikagongwa.

"Sauti! Sauti!"

"Fundi bado amefunga!"

"Mwambieni mwezi umeandama, afungue kinywa!"

Vicheko vikapanda hadi kwetu. "Ngapi sasa?" baba akauliza. Akauliza mara ya pili, polepole.

"F."

"Ilikuwa nne."

"Ilikuwa nane, baba."

Bisibisi ikabaki imesimama hewani. Tajiri alisema kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote, "Kwani mzee, huoni?"

Naamini wakati ule ndipo baba alipoelewa kosa la mkono wake, kwamba filamu safi ilikuwa inapofushwa na mwanga aliouongeza kwa ajili ya filamu chafu. Akarudisha skrubu kushoto, robo, nusu, mzunguko mzima, kichwa ameinamisha upande wa ukumbi. Sauti ikakatika-katika, ikarudi, ikajaa. Watu wakapiga makofi ya kejeli. Nikasubiri aniulize.

"Tajiri," akasema, "nisomee nambari."

Tajiri akainama. "Mbili."

Hatukuwahi kuipata mbili.

"Ni nzuri?" tajiri akauliza.

"Ni nzuri sana," baba akasema, akafunga kifuniko.

Filamu ilikwenda mpaka mwisho bila kukatika. Watu walipotoka, tajiri alisimama na baba kwenye ngazi. "Mzee, ungeniambia mapema ningekuwekea mtu," akasema. "Lakini sasa nikuache vipi na umeme na moto huu wa taa?" Mashine iling'olewa kabla ya Idi kubwa. Siku hizi ukumbini wanakaa maharusi.

Jioni ile tulirudi kwa miguu, barabara moja baada ya nyingine, watoto wa Idi wakitupisha. Nilimwambia nilitaka kumsitiri.

"Macho yangu nilijua hayaoni. Nikayaamini ya kwako."

Hakulisema tena. Ananiita mama kama zamani, anakula ninachopika, ananiombea dua. Lakini usiku mmoja wiki ile nilimletea matone yake, nikamsomea kibandiko: tone moja, kila jicho. Akamwita mdogo wangu kutoka uani, akamwelekeza kwenye chupa iliyokuwa mkononi mwangu.

"Hebu nisomee na wewe."

Mdogo wangu akasoma: tone moja, kila jicho. Ndipo baba akainua uso wake, akafumbua macho, akanisubiri.

Mpaka leo ndivyo tunavyofanya.