Tulipomchagulia Anti Nashipai Mahali pa Kulala

Wiki iliyopita jirani yangu alianika hema juu ya ua wa michongoma, na upepo ukaniletea harufu ya turubai lililofungwa likiwa bado bichi. Nilikuwa nafua. Niliacha nguo kwenye beseni nikasimama tu, povu likinikaukia mikononi. Wengine harufu hiyo ingewakumbusha mvua, au safari. Mimi ilinipeleka kwenye ukungu wa mto mmoja, mwezi wa sita, nikiwa na miaka tisa, siku ambayo baba yetu alitupakia garini mimi na mdogo wangu Bura akasema tunakwenda kuchagua mahali pa kupiga kambi.

Tulikuwa watu wa Ganako, na baba alikuwa dereva wa watalii. Alikuwa amewalaza kwenye mahema watu wa kila taifa, lakini sisi wanawe hatukuwahi kulala nje ya nyumba ya Aama. Hivyo ndivyo sisi Wairaqw tunavyomwita bibi. Mama yetu alifariki Bura akiwa hajaanza kutembea. Mimi nilibaki na sauti yake na namna alivyokuwa akikaza kilemba. Bura hakubaki na kitu. Neno Ayo, yaani mama, alilijua kama anavyolijua neno bahari: alilisikia kwa wengine.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni kwenye gari. Anti Nashipai alikuwa fundi cherehani pale sokoni Karatu, Mmasai wa Piyaya, mrefu, mwenye sauti ndogo iliyokufanya usogee ili usikie. Mimi nilimfahamu kwa sababu ndiye aliyenishonea sare ya shule, akaacha pindo refu kwa ndani na kuniambia, "Utarefuka, tutalishusha." Sikujua kwa nini fundi wa sare aende nasi kambini. Watoto huambiwa mambo hayo mwishoni kabisa, baada ya kuku na mbuzi kuwa wameshajua.

Aama alikuwa anajua. Asubuhi ile alifunga viazi vitamu vya kuchemsha na mahindi kwenye kikapu, akaweka na sahani. Sahani ya baba, yangu na ya Bura. Baba alizitazama akataka kusema neno, Aama akamwahi: "Mwanamke wa ng'ombe atajuaje habari za jembe?" Kisha akaingia ndani. Baba alibeba kikapu kama kilivyo.

Tulipomkuta Nashipai kituoni, amebeba furushi kubwa la mablanketi kichwani, alinyoosha mkono kuelekea utosini mwangu. Kwao mtoto huinamisha kichwa, mkubwa akakigusa, na hiyo ndiyo salamu. Mimi sikujua. Nilidhani anataka kupima kama nina homa, nikamwambia, "Siumwi." Alicheka kidogo na kuurudisha mkono wake, akautunza kwenye khanga.

Gari lilikuwa la bosi wake baba, aliloazimwa kabla msimu wa wageni haujaanza. Baba hakuweza kuliendesha gari lile bila kuzungumza kama yuko kazini. "Upande wenu wa kushoto," alituambia, "mnaona mashamba ya ngano." Mashamba yale tuliyaona kila siku ya maisha yetu, lakini tuligeuka wote tukayatazama, na nawaambieni, yalipendeza kama ya nchi nyingine. Vumbi jekundu lilitufuata nyuma, jua lilikuwa jembamba, na Bura alisinzia akiwa ameshika shati langu kwa ngumi ili asichukuliwe na mtu.

Tulikokwenda ni kwenye bustani moja ya kando ya mto, chini kidogo ya msitu, inayolindwa kwa sababu ya mawe yake. Kuna watu waliowahi kuishi pale zamani sana, kabla ya babu zetu na kabla ya babu zao kina Nashipai. Walipanga mawe kuwa kuta na mifereji ya kupeleka maji mashambani, mstari juu ya mstari, hadi mtoni. Hakuna anayejua walielekea wapi. Lakini mfereji mmoja au miwili bado ulikuwa na maji, na maji yale yalipita polepole kati ya mawe yaliyoota kuvu kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake gizani, asiyehitaji taa. Baba alituambia, "Watu waliondoka, kazi ikabaki." Nilikaa juu ya ukuta nikatia vidole ndani ya maji. Nilihisi kwamba nikinyamaza vya kutosha, mwenye mfereji atakuja kuona nani anamchezea maji.

Palikuwa na viwanja kadhaa vya kambi. Kile cha juu kilikuwa karibu na geti, kina bomba, choo, na ukuta wa mawe wa kukinga upepo. Baba alikipenda. "Hema halina msingi," alikuwa akisema daima, "msingi wake ni jicho la aliyelisimika." Alikagua udongo, akatazama jua linakotua, akaridhika. Kisha, kwa adabu, akamgeukia mgeni wake.

"Chagua wewe, mama. Unapenda wapi?"

Nashipai alitutazama sisi. "Mimi ni mgeni," alisema. "Wachague wenyeji."

Katika maisha yangu nilikuwa nimechaguliwa tu: kwenda kisimani, kubaki na mtoto, kukaa dawati la mbele. Hakuna mtu aliyewahi kunipa dunia nichague kipande. Nilimshika Bura mkono tukashuka, baba na Nashipai wakitufuata nyuma kimya kimya, tukapita kuta za mawe, tukapita kiwanja cha kati, mpaka mto ulipokunja kona. Pale chini palikuwa na mikuyu mikubwa iliyoinamia maji. Mwanga ulishuka kupitia majani ukawa wa kijani, hata mikono yetu ikawa ya kijani. Maua meupe ya majini yalisimama kwenye matope, na mto ulikuwa unasema neno moja tu, unalirudia, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nyasi zilikuwa laini kuliko kitanda chochote nilichokijua.

"Hapa," nilisema.

Baba alifungua kinywa. "Lakini hapa bondeni..."

Nashipai alikuwa ameinama. Aligusa nyasi kwa mgongo wa mkono, akaufuta mkono kwenye khanga, akatazama juu kwenye mteremko tulikotoka. "Pazuri," alisema. "Napapenda."

Walitazamana. Baba alifunga kinywa, akaenda kuleta mahema.

Mchana ule ulikuwa mrefu na mtamu. Baba alisimamisha hema la kulala sisi watoto na Nashipai, na lake akalisogeza kando, kama inavyotakiwa. Tulipokula, Nashipai hakuuliza sahani. Alichukua kifuniko cha sufuria, akakigeuza, akaweka viazi vyake humo na kula kana kwamba vifuniko vya sufuria vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Bura alimtazama sana. Kisha naye akadai kula kwenye kifuniko, na kilikuwepo kimoja tu, akalia. Nashipai alimpa chake. Yeye akala viazi vyake kiganjani.

Halafu jua lilipita nyuma ya kilima, na bonde likabadilika.

Ukungu uliinuka kutoka mtoni taratibu, kama maziwa yanayopanda ndani ya sufuria, ukaja ukajaza nafasi kati ya mikuyu. Na ndani ya ukungu ule mlikuwa na baridi ambayo sisi hatukuijua, ingawa tu watu wa nyanda za juu. Kwetu tulilala na ng'ombe upande wa pili wa ukuta, pumzi zao zikitupasha joto. Hapa hapakuwa na ukuta wala pumzi. Nyasi zangu laini zilianza kulowa. Meno ya Bura yaligongana, na mifuko ya kulalia ambayo baba aliiazima kwa bosi ilikuwa na zipu mbovu, zilizofunga nusu na kuacha nusu.

Nashipai alifungua furushi lake, akamnyooshea Bura blanketi. Bura alirudi nyuma na kujificha nyuma ya mgongo wangu. Nashipai hakulazimisha. Alikaa karibu na moto, akaliweka blanketi pale pembeni yake, akaanza kuongea na moto. Aliuambia moto kwamba huko Piyaya ndama akizaliwa wakati wa baridi haachwi nje pamoja na mama yake. Huletwa ndani ya nyumba, akalala na watoto.

Bura alitoa kichwa. "Ndani kabisa?"

"Ndani kabisa."

"Akikojoa?"

"Anakojoa," alisema Nashipai. "Na asubuhi mtoto ndiye anayesingiziwa."

Bura alicheka, na akiwa anacheka akasogea. Akauliza ndama ana jina au hana. Akasogea tena. Akauliza kama ndama huota ndoto. Mwisho alikuwa amekaa juu ya blanketi lenyewe, kisha chini yake, kisha kichwa kiko mapajani mwa Nashipai, na macho yamekwisha kuzimika. Mimi pia nilikuwa nimefika pale, upande wa pili, sijui ni lini. Baba alichokoa moto na kutotazama upande wetu, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege.

Ndipo Bura alipolisema, katikati ya usingizi, kwa sauti ya kawaida ya mtoto anayeagiza jambo dogo.

"Ayo, nifunike miguu."

Nashipai alielewa, alikuwa amekaa Karatu muda wa kutosha kulijua neno hilo. Mikono yake ilibaki hewani. Alimtazama baba, kisha akanitazama mimi, na mimi alinitazama kwa muda mrefu zaidi. Alikuwa anasubiri. Nilikumbuka kilemba cha mama yangu, na sauti yake. Miguu ya Bura ilikuwa nje, midogo, ina tope la mtoni kati ya vidole. Nilishika pindo la blanketi upande wangu nikavuta, naye akavuta upande wake, miguu ikafunikwa.

Baba aliinuka akasema anakwenda garini kutafuta tochi. Tochi ilikuwa mkononi mwake.

Niliamka alfajiri nikiwa na joto kama mkate. Juu yetu mimi na Bura palikuwa na mablanketi yote ya furushi lile, na shuka nyekundu juu yake. Nilichungulia nje. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mikuyu haikuwa na mashina, ilielea tu. Nashipai alikuwa amechuchumaa anapuliza makaa, amejitanda khanga peke yake, midomo yake ya kijivu. Baba alitoka kwenye hema lake akamuuliza, "Umelalaje?"

"Salama," alisema. "Kama niko kwetu."

Hivyo ndivyo nilivyogundua, kwa akili zangu zote za miaka tisa, kwamba Wamasai hawasikii baridi.

Tuliporudi Ganako, Aama alinikalisha jikoni akiwa anachambua maharage. Alitaka kujua mwanamke yule amekula nini, amesema nini, amecheka mara ngapi. Nilimweleza habari ya kifuniko cha sufuria, na Aama akatazama chini. Kisha nikampa ugunduzi wangu. "Aama, wale watu hawasikii baridi. Alitupa mablanketi yake yote, akalala na khanga."

Mkono wa Aama ulisimama ndani ya ungo. Ulisimama muda mrefu, hata kuku mmoja akapata nafasi akaiba harage.

Siku ya mnada alifungua sanduku lake la bati akatoa blanketi la sufu, la rangi ya kahawia, ambalo halikumfunika mtu yeyote tangu mama yetu aondoke. Alilikung'uta, akalikunja, akanipa. "Mpelekee fundi wako. Mwambie limetoka kwa Aama. Mwambie mlima huu una baridi, hata kwa wasioisikia."

Nililibeba mpaka sokoni, nikiwaza njia nzima kwamba bibi yangu amezeeka. Mtu asiyesikia baridi atalifanyia nini blanketi? Nashipai alilipokea kwa mikono miwili. Nilimpa maneno ya Aama kama nilivyoagizwa. Alikaa kwenye kigoda chake, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akaliweka blanketi mapajani na kuliinamia. Mteja alikuja na sketi iliyochanika. Nashipai alimwonyesha kwa kidole fundi wa jirani, bila kuinua kichwa. Baada ya mavuno alihamia kwetu. Sahani yake ilikuwepo kabla hajafika.

Miaka ilipita mingi kabla sijaelewa, na hata hivyo sikuelewa mwenyewe kwa kufikiri. Nilielewa usiku ambao mwanangu wa kwanza alikuwa na homa na mvua inavuja, nikajikuta nimemfunika na kila kitu nilichokuwa nacho, hata nguo niliyovaa. Kulipokucha mume wangu aliniuliza nimelalaje, nami nikasikia kinywa changu kinajibu, "Salama."

Wiki ile ile nilikwenda sokoni kumwona Nashipai. Bado anashona, sasa kwa miwani. Nilimuuliza kama alijua, siku ile, kwamba pale bondeni pangekuwa na baridi.

"Nyasi zilikuwa na umande mchana kweupe," alisema. "Hata ng'ombe angekataa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa umenitafutia mahali pa kulala. Nikwambie pabaya?"

Kisha nikamuuliza lile nililokuja nalo, kama naye aliisikia baridi. Ayo alicheka mpaka mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani, akavua miwani akafuta macho.

"Mwanangu," alisema, "nilidhani nitakufa."